Kiini Kisicho na Protoni: Jinsi Kompyuta Zinavyotumiwa Kuchunguza Makundi ya Nyutroni Tupu

1. Utangulizi

Kila kitu tukigusacho, yakiwamo mawe, maji, mbao za mlango na nyama ya miili yetu, kimefanyizwa kwa atomu, na katikati ya kila atomu pana kiini. Kiini hicho ni kidogo mno. Upana wake haufikii hata sehemu moja katika elfu kumi ya upana wa atomu nzima, lakini karibu uzito wote wa atomu umo humo. Ndani yake mna chembe za aina mbili: protoni, zenye chaji ya umeme, na nyutroni, zisizo na chaji. Hidrojeni ya kawaida ina kiini cha protoni moja pasipo nyutroni yoyote. Basi twajua kwamba kiini chaweza kukosa nyutroni. Je, chaweza kukosa protoni? Yaani, nyutroni mbili, tatu, nne au zaidi zaweza kukaa pamoja peke yake na kuwa kiini?

Wazo hili ni la zamani kuliko ujuzi wetu wa nyutroni yenyewe. Mnamo 1926 mwanakemia Andreas von Antropoff alipendekeza kwamba mwanzoni mwa jedwali la elementi, kabla ya hidrojeni, iwekwe elementi yenye namba sifuri. Miaka 6 baadaye, mwaka 1932, James Chadwick aliigundua nyutroni huko Cambridge, Uingereza. Tangu hapo nafasi ile ya sifuri imekuwa kama kiti kilichotandikwa kumngojea mgeni ambaye hakuna ajuaye kama atakuja.

Msomaji huenda akadhani kwamba swali hili ni la kuwaburudisha wataalamu tu. Sivyo. Kama kikundi cha nyutroni tupu chaweza kushikamana, basi maarifa yetu juu ya kani inayovishikiza viini vyote yana kasoro kubwa, na kasoro hiyo itatufuata mpaka kwenye nyota. Katika makala haya tutaeleza kwanza kwa nini jambo lenyewe ni gumu. Pili, kompyuta huhesabu nini hasa. Tatu, mvutano uliotokea baina ya hesabu na majaribio. Na mwisho tutatazama maana ya neno "kuwapo" kwa kitu kidumucho muda mfupi usiofikirika.

2. Figa moja haliinjiki chungu

Nyutroni ikiwa peke yake nje ya kiini haidumu. Huishi kwa wastani wa muda unaokaribia dakika 15, kisha hugeuka kuwa protoni, ikitoa elektroni na antinyutrino. Lakini kwa mambo ya kiini, dakika 15 ni kama milele. Kwa hiyo kikwazo chetu si kufa kwa nyutroni, bali ni kushikamana kwake na wenzake.

Kani ya nyuklia huzivuta protoni na nyutroni zinapokuwa karibu sana, na hufifia mara zinapotengana. Nishati katika mambo haya hupimwa kwa elektronivolti. Protoni moja na nyutroni moja hushikamana na kufanya kiini kiitwacho deutroni, na kukivunja kwahitaji elektronivolti milioni 2.2. Nyutroni mbili nazo huvutana, tena sana, lakini hazifungamani. Upungufu wao ni mdogo ajabu, kadiri ya elektronivolti laki moja tu. Lau kani baina yao ingezidi kidogo, nyutroni mbili zingekuwa kiini, na pengine ulimwengu usingekuwa huu tunaoujua.

Wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mawili nayo hayakiinjiki, yatakiwa matatu. Jambo la namna hii hutokea katika viini pia. Chukua heli-6, ambayo ni kiini imara cha heli-4 kilichoongezewa nyutroni mbili. Heli-4 na nyutroni moja hazishikamani. Nyutroni mbili peke yake hazishikamani. Lakini zote tatu zikikutana, hushikamana. Ukiondoa mojawapo, zilizobaki huachana papo hapo, kama vile chungu kiangukavyo liondolewapo figa moja. Basi si upuuzi kuuliza: ikiwa nyutroni mbili zimekosa kidogo tu, je, tatu au nne hazitafaulu?

Hesabu ya vidole yatia moyo. Nyutroni mbili hufanya jozi moja ya kuvutana. Tatu hufanya jozi 3. Nne hufanya jozi 6. Mvutano wakua upesi kuliko idadi. Walakini pana sheria nyingine ipingayo, nayo ni kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, nyutroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja iliyo sawa kwa kila jambo. Nafasi ya chini kabisa yatosha nyutroni mbili tu, kila moja ikiwa na mzunguko wa ndani ulio kinyume cha mwenzake. Ya tatu na ya nne hazina budi kupanda nafasi ya juu, na huko huwa na mwendo mkali zaidi, mwendo ambao hulisukuma kundi lote kutawanyika.

Hivyo pana shindano baina ya mvuto wa kani na msukumo wa kanuni ya Pauli. Nani atashinda haliwezi kujulikana kwa maneno matupu, wala kwa kalamu na karatasi. Ni lazima lihesabiwe.

3. Kompyuta huhesabu nini?

Kwanza, mhesabu hana budi kuiambia kompyuta jinsi kani ilivyo. Hakuna fomula moja iliyokubaliwa na wote. Wataalamu hutunga fomula, kisha huirekebisha mpaka ilingane na maelfu ya vipimo vilivyopatikana kwa kuzigonganisha chembe katika maabara. Mojawapo ya fomula mashuhuri ilitolewa mwaka 1995 na kuitwa kwa jina la maabara ya Argonne, Marekani. Hapa pana shida ya kwanza. Protoni zaweza kurushwa kwenye protoni, na nyutroni zaweza kurushwa kwenye protoni. Lakini hakuna awezaye kujaza chombo nyutroni huru zikatulia zingojee kupigwa. Kani baina ya nyutroni na nyutroni hujulikana kwa njia ya kuzunguka.

Tena pana kani ya watatu. Wazee wawili wakizungumza barazani, mazungumzo yao yana sura yake. Akija wa tatu akaketi, sura hubadilika, na badiliko hilo haliwezi kupatikana kwa kujumlisha tu mazungumzo ya wawili wawili. Chembe za kiini nazo ni hivyo hivyo. Kani ya watatu imepimwa kutokana na viini vya kawaida, ambamo protoni zimo. Kani ya nyutroni tatu tupu haijulikani kwa uhakika wa kadiri hiyo, nayo ndiyo hasa tunayoihitaji hapa.

Pili, kompyuta hupewa mlinganyo alioutoa Erwin Schrödinger mwaka 1926, iutatue. Kila nyutroni yahitaji namba 3 kutaja mahali ilipo. Nyutroni nne zahitaji namba 12. Tukiacha mwendo wa kundi zima, hubaki namba 9. Tuseme tumeigawa kila moja kwa hatua 20 tu, ambazo ni chache mno. Mahali pa kuhesabiwa patakuwa zaidi ya bilioni 500, na kila mahali pana namna 16 za kuipanga mizunguko ya ndani ya nyutroni hizo. Basi mtu asishangae kuona kwamba kazi hii ilingojea kompyuta kuu.

Njia za kupunguza mzigo huo ni nyingi, lakini mbili zatosha kwa mfano. Moja huitwa Monte Carlo, kwa jina la mji wa kamari huko Monako. Badala ya kupita kila mahali, kompyuta huchagua mahali kwa bahati nasibu, mara nyingi sana, ikipendelea pale penye uzito, kisha hupata wastani. Mfano wa mpishi aonjaye vijiko kadhaa vya mchuzi akajua chumvi ya sufuria nzima. Njia ya pili hujenga wimbi la nyutroni zote kwa kuunganisha maumbo sahili yaliyojulikana tangu mwanzo, kama fundi ajengaye ukuta kwa matofali ya vipimo vilivyokwisha kukatwa. Namba za kuunganisha maumbo hayo hupangwa katika jedwali kubwa. Kwa baadhi ya viini vyepesi safu za jedwali hilo zimewahi kupita bilioni moja.

Tatu, na hii ndiyo shida iliyo kubwa kupita zote, kitu kisichofungamana hakina mpaka. Nyutroni zikitawanyika, hutawanyika bila kikomo, ilhali nafasi ya kompyuta ina kikomo. Kwa sababu hiyo wahesabu wengine huzifungia nyutroni ndani ya mvuto wa bandia. Fikiri kuku wanne walioko chini ya tenga. Maadamu tenga lipo, wako pamoja, lakini hilo halituambii kwamba wanapendana. Mhesabu huliinua tenga kidogo kidogo, akiandika nishati kila hatua, kisha hukadiria ingekuwaje tenga lisipokuwapo kabisa. Hatua hiyo ya mwisho haihesabiwi, hukadiriwa. Hapo ndipo wataalamu walipofarakana.

4. Hesabu na majaribio

Mwaka 2002 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na F. Miguel Marqués kilitangaza jambo la kushangaza kutoka maabara ya GANIL, mjini Caen, Ufaransa. Walikuwa wamevivunja viini vya berili-14, na katika vyombo vyao wakaona ishara 6 zilizokuwa kubwa mno kuwa za nyutroni moja moja. Zilionekana kana kwamba nyutroni nne zimefika pamoja zikiwa zimeshikamana.

Kompyuta zilijibu upesi. Mwaka 2003 Steven Pieper wa maabara ya Argonne alitumia njia ya Monte Carlo kuuliza swali lililo wazi: je, fomula za kani tulizo nazo zaweza kubadilishwa ili nyutroni nne zifungamane, bila kuharibu yale zinayoyaeleza vyema? Jibu lake lilikuwa la. Kila alipoiongeza kani ya kutosha kuzifunga nyutroni nne, viini vingine vinavyojulikana vyema vilitoka na nishati zisizo zao. Ilikuwa kama mtu arefushaye mguu mmoja wa meza ili kikombe chake kikae sawa, akakuta sahani zote zimeteremka. Hata hivyo Pieper alifanya lile jaribio la tenga, na makadirio yake yakaashiria kwamba huenda pana hali ya muda karibu na elektronivolti milioni 2 juu ya kiwango cha kufungamana.

Hali ya muda ndiyo nini? Wataalamu huiita rezonansi. Wageni wawili wamekwisha kuagana na wenyeji, viatu wamevaa, lakini wamesimama mlangoni wakizungumza. Hawakai, wala hawajaondoka. Chembe zilizo katika rezonansi ni hivyo: hazikufungamana, ila hukawia pamoja kidogo kuliko vile ambavyo zingekawia kwa kupishana tu.

Mwaka 2016 mambo yalipamba moto. Kikundi cha Keiichi Kisamori katika taasisi ya RIKEN, Ujapani, kilivirusha viini vya heli-8 kwenye heli ya kawaida, kikapata matukio 4 yaliyoelekea kuonyesha nyutroni nne zenye nishati ya kama elektronivolti milioni 0.8, ingawa kadiri ya kosa ilikuwa kubwa kuliko namba yenyewe. Mwaka huo huo Andrey Shirokov, James Vary na wenzao walichapisha hesabu iliyotumia jedwali kubwa la namba pamoja na njia maalumu ya kushughulikia kutawanyika. Walipata rezonansi yenye nishati ya milioni 0.8 na upana wa milioni 1.4. Ulinganifu huo uliwafurahisha wengi.

Lakini mwaka huo huo pia Emiko Hiyama, Rimantas Lazauskas na wenzao waliitatua milinganyo ya chembe nne kwa njia nyingine, wakauliza kani ya nyutroni tatu ingepaswa kuwa kali kiasi gani ili rezonansi ya namna hiyo itokee. Jibu lao: kali mno, kiasi kisichopatana na viini vingine tuvijuavyo. Mwaka 2017 Kévin Fossez na wenzake wakaonyesha kwamba hata kama nishati yaweza kuwa karibu na ile iliyopimwa, upana wake ungekuwa mkubwa mno. Na mwaka 2018 Arnoldas Deltuva, kwa hesabu kali ya kutawanyika, hakuona rezonansi yoyote. Basi wahesabu wenye uwezo, wakitumia kompyuta nzuri na kani zilizokaribiana, walikuwa wametoa majibu yanayopingana.

5. Kilele kimoja, masimulizi mawili

Jaribio lililotangazwa mwaka 2022 na Meytal Duer na wenzake lilikuwa la uangalifu mkubwa. Lilifanyika RIKEN vilevile. Heli-8 ni kiini cha heli-4 kilichozungukwa na nyutroni nne. Watafiti walivirusha viini hivyo kwenye hidrojeni, ili protoni igonge ile heli-4 ya katikati na kuitoa kwa ghafula, kama mtu ang'oaye nguzo ya kati ya nyumba ya msonge ili aone paa litakaa hewani kwa muda gani. Nyutroni zenyewe hawakuzikamata. Walipima mwendo wa protoni na wa heli-4, na kutokana na nishati iliyokosekana wakajua ya nyutroni nne zilizobaki.

Walichokiona ni kilele kilicho wazi, penye elektronivolti milioni 2.37, chenye upana wa milioni 1.75. Upana huo, ukigeuzwa kuwa muda, ni kama hivi: gawanya sekunde moja kwa bilioni, kipande kimojawapo kigawanye tena kwa bilioni, kisha chukua chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya kipande hicho. Mwaka huo huo pia watafiti wengine, walioipiga lithi kwa lithi huko Garching karibu na Munich, Ujerumani, walidai kuona dalili ya nyutroni nne zilizofungamana kabisa. Dai hilo ni zito kuliko la RIKEN, maana lapingana moja kwa moja na hesabu ya Pieper.

Je, kilele cha RIKEN kiliwathibitisha wahesabu waliotabiri rezonansi? Mwaka 2023 Lazauskas, Hiyama na Jaume Carbonell walitoa hesabu iliyotia maji katika uji huo. Walianza na nyutroni nne jinsi zilivyokuwa ndani ya heli-8, zikiwa zimejipanga jozi mbili mbili. Wakaiondoa heli-4 kwa ghafula, wakaziachia nyutroni zitawanyike zikivutana kama kawaida. Hawakutia rezonansi yoyote. Kompyuta ikachora kilele kifananacho na kile kilichopimwa.

Hapo ndipo lilipo fundisho kubwa. Kilele ni kimoja, masimulizi ni mawili. La kwanza lasema kwamba nyutroni nne zilikaa kitambo kama jamaa mmoja. La pili lasema kwamba kilele hicho ni kumbukumbu ya nyumba zilimotoka, jinsi watu watokao mlango mmoja waonekanavyo kuwa kundi ingawa kila mmoja aenda kwake. Kompyuta haikumwongopea mtu yeyote. Kila moja ilijibu swali iliyoulizwa, na maswali yalikuwa mbalimbali.

Yafaa wasomaji wa lugha waone pia hadhari ya maneno. Duer na wenzake katika kichwa cha taarifa yao hawakutumia neno "kiini", wala "rezonansi". Walitaja "mfumo" wa nyutroni nne zilizo huru na zenye uhusiano. Uchaguzi huo haukuwa wa pambo. Neno "kiini" lingedai kwamba kitu kimeshikamana. Neno "mfumo" ladai tu kwamba sehemu zake hazikwenda kila moja bila kujali nyingine. Mtu atakayeyatafsiri matokeo haya akaandika "kiini kipya chagunduliwa" atakuwa ameamua kwa kalamu yake jambo ambalo wenye kulipima hawakuliamua.

6. Kutoka kiini hadi nyota

Pana mahali pamoja ambapo nyutroni nyingi hukaa pamoja bila shaka, napo ni ndani ya nyota za nyutroni. Huko kinachozishikiza si kani ya nyuklia bali ni mvutano wa uzito wa nyota nzima, uliofinyazwa ndani ya tufe lenye kipenyo cha kilomita zipatazo 24. Pwani yetu ina sehemu katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mwaka 1971 satelaiti hiyo ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kila sekunde 4.8, nacho kikatambuliwa kuwa nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya jirani yake.

Mwaka 2010 ilipimwa nyota ya nyutroni yenye uzito unaokaribia mara mbili ya Jua. Nyota nzito kiasi hicho isingesimama kama maada yake ingekuwa laini mno, ingeporomoka. Sasa msomaji ataona uhusiano. Atakayeongeza mvuto baina ya nyutroni tatu ili apate kikundi cha nyutroni nne, huelekea kuilainisha maada ile ile iibebayo nyota. Kani ni moja, nayo yatakiwa kutoa ushahidi mahali pawili: katika maabara penye chembe nne, na angani penye chembe zisizohesabika. Haiwezi kusema hili hapa na lile kule.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba nyutroni mbili hazifungamani ila hukosa kidogo. Kwamba hesabu zilizo bora zinakataa kufungamana kwa nyutroni nne. Na kwamba kilele cha mwaka 2022 ni cha kweli, ingawa maana yake ina wafasiri wawili. Njia ya kuwaamua yajulikana. Kama kilele ni cha rezonansi, hapana budi kionekane penye nishati ile ile hata nyutroni nne zitolewe katika kiini kingine na kwa njia nyingine, maana jamaa wa kweli hutambulikana watokapo nyumba yoyote. Kama ni kumbukumbu ya heli-8, kitahama au kitafifia mara nyumba ibadilikapo. Tena nyutroni zote nne zikikamatwa kila moja kwa mwendo wake, itaonekana kama zilitoka jozi mbili mbili.

Mpaka hapo, kiti cha namba sifuri alichokiweka von Antropoff hakina wa kukikalia. Lakini kazi ya kumngojea mgeni haikwenda bure. Kwa kuuliza kama nyutroni nne zaweza kukaa pamoja, wahesabu wamelazimika kupambanua kati ya kani wanayoijua na kani wanayoikisia, na kati ya tenga na kuku walio ndani yake. Mwenye kujua mpaka huo ulipo amekwisha kujua mengi.